Waliobeba Kamba: Afrika Mashariki Ndani ya Filamu za Safari za Hollywood

Katika orodha ya waigizaji wa Mogambo, filamu ya kampuni ya MGM iliyoongozwa na John Ford na kutolewa mwaka 1953, majina makubwa yanatangulia: Clark Gable, Ava Gardner, Grace Kelly. Kisha yanakuja makabila manne. Wasamburu wa Koloni la Kenya. Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji. Wahaya wa Tanganyika. Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Msamburu, Mhaya au Mgenia aliyesimama juani mbele ya kamera amepewa jina la kabila lake, akaishia hapo.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari mkoani Arusha hadi kustaafu. Kila nilipofika kwenye mada ya ukoloni na utamaduni, niliiandika orodha hiyo ubaoni: watu upande mmoja, makabila upande wa pili. Sikuhitaji kueleza sana. Darasa zima lilikuwa linanyamaza, halafu mtoto mmoja anauliza, "Mwalimu, sasa huyo Mhaya alikuwa nani?" Swali hilo ndilo limenifanya niandike makala haya.

Watu wakizungumzia nafasi ya weusi katika filamu za zamani za Hollywood, mara nyingi huhesabu sura. Kwa filamu za safari zilizopigwa huku kwetu, hesabu hiyo haitufikishi popote, kwa sababu sura zetu zimejaa tele. Zipo filamu ambazo Waafrika ndani yake ni mamia kwa mamia. Mimi napima kwa mambo matatu: mtu ana jina? Ana neno la kusema lililo lake? Kuna kitu anachokitaka yeye mwenyewe, mbali na kile anachokitaka bwana wake? Nimezipitia filamu hizi moja baada ya nyingine kwa kipimo hicho, na nataka kueleza nilichokiona.

Msafara wa 1929

Mwaka 1929 MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke kuja Afrika Mashariki kupiga Trader Horn, hadithi ya mfanyabiashara mzungu wa pembe za ndovu. Hollywood ilizoea kuijenga Afrika kwa mbao na turubai huko California. Safari hii walikuja wenyewe, na waigizaji wao, na kamera zao, na mitambo ya sauti iliyokuwa teknolojia mpya kabisa. Walipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wakafika maporomoko ya Murchison. Filamu ilitoka mwaka 1931, ikashindania tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Wazungu watatu ndio waliobeba hadithi: Harry Carey, Duncan Renaldo, na Edwina Booth aliyecheza msichana wa kizungu anayeabudiwa na kabila la weusi kama mungu. Wa nne ni Mutia Omoolu kutoka Kenya. Yeye ni Rencharo, mbeba bunduki wa Horn. Tofauti na wenzake wa Mogambo waliokuja miaka zaidi ya ishirini baadaye, Mutia alitajwa kwa jina lake. Studio ilimchukua hadi California, yeye na mwenzake Riano Lindami, ili wamalizie vipande vilivyobaki.

Ukimtazama Mutia leo unaona mwigizaji. Anajua kusimama. Wazungu wanapobabaika na kupaza sauti, yeye ametulia, macho yake yanasoma pori kabla wao hawajaona kitu. Lakini waandishi wa hadithi hawakumpa Rencharo mke, wala nyumbani, wala deni, wala ndoto. Walimpa utiifu. Anabeba bunduki ambayo si yake, anamfuata Horn popote, na mwisho anakufa ili Horn apone. Kwa vipimo vyangu vitatu, mwigizaji ana jina, mhusika hana haja yake mwenyewe.

Edwina Booth alirudi Marekani akiwa mgonjwa sana. Aliishtaki MGM, wakaja kupatana, na habari zake ziliandikwa magazetini kwa miaka. Nina huruma naye, aliumia kweli. Lakini msafara ule ulitembea kwa mabega ya wapagazi, wapishi, wapiga kasia na askari wa usiku, watu ambao wasingekuwepo hata kamera moja isingefika Murchison. Wao walilipwa kibarua wakarudi makwao, na skrini ikapita bila kuwataja.

Tena hawakutumika mara moja tu. Picha zilizobaki za Trader Horn zilikuwa nyingi mno, na studio haikutaka zipotee bure. Mwaka 1932 Van Dyke huyo huyo aliongoza Tarzan the Ape Man, filamu iliyomfanya muogeleaji Johnny Weissmuller kuwa Tarzan wa dunia nzima. Ile haikupigwa Afrika hata siku moja. Mapema katika filamu, Jane na baba yake wanatazama makabila yaliyokuja kufanya biashara. Itazameni sehemu hiyo kwa makini. Waigizaji wamesimama studioni California. Nyuma yao kuna skrini kubwa, na kwenye skrini zinarushwa picha za watu wetu zilizopigwa mwaka 1929: wanaume na mapambo yao ya kichwa, akina mama, watoto. Wazungu wanawaonyesha kwa kidole, wanawajadili mmoja mmoja. Wale wa nyuma hawajibu. Hawawezi kujibu, ni mwanga juu ya kitambaa, na wenyewe wako nyumbani maili elfu nyingi kutoka pale, hawajui kwamba wanajadiliwa.

Katika filamu hiyo hiyo, mbilikimo wa msituni wamechezwa na wazungu wafupi waliopakwa rangi nyeusi. Tembo nao ni wa Asia, wakabandikwa masikio ya bandia ili wafanane na wa kwetu. Sote tuliokulia kwenye kumbi za sinema tunajua kuwa steringi hafi. Ila katika filamu hizi kuna sheria ya pili isiyotajwa: yule anayembebea steringi mzigo hafiki mwisho. Wapagazi wa Tarzan wanadondoka kutoka kwenye genge la mlima wakipiga yowe, na mzungu anauliza nini kilikuwa ndani ya furushi.

Weusi wa Los Angeles walioigiza kuwa sisi

Pale ambapo studio haikutuma msafara, Waafrika walitafutwa karibu. Los Angeles ilikuwa na jamii kubwa ya Wamarekani weusi kandokando ya barabara ya Central Avenue. Ofisi ya Central Casting, iliyoanzishwa mwaka 1925 kuajiri waigizaji wa ziada, ilikuwa na mtu wake maalumu wa kuwatafuta weusi, naye alikuwa mweusi, Charles Butler. Studio ikitaka kijiji kizima cha Kiafrika, Butler aliita watu. Mhudumu wa treni, mfua nguo, kijana asiye na kazi, wote walivuliwa mashati na kupewa mikuki. Ilikuwa pesa ya siku moja iliyohitajika nyumbani, hasa miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka, na siwalaumu.

Kati yao alikuwepo mtu ambaye kila mpenzi wa historia ya filamu anapaswa kumjua: Noble Johnson. Mwaka 1916 yeye na nduguye George walianzisha Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya weusi iliyotengeneza filamu kuhusu weusi wenye elimu, kazi na heshima. Hata hivyo kampuni haikuwa na mtaji wa kushindana na studio kubwa, na riziki ya Johnson ilitoka kwenye studio hizo. Mwaka 1932 alicheza katika The Most Dangerous Game ya studio ya RKO. Alipakwa rangi nyeupe, akawa Ivan, mtumishi wa Kirusi. Mwaka uliofuata studio ile ile ikatoa King Kong, na sehemu ya msitu ni ile ile iliyotumika katika filamu ya kwanza. Safari hii Johnson ni chifu wa kisiwa cha kubuni katika Bahari ya Hindi, amevaa manyoya, anataka kumtoa msichana wa kizungu kafara kwa sokwe. Mtu mmoja, msitu mmoja wa bandia, na kazi ya uso wake ikaamuliwa na rangi atakayopakwa asubuhi. Huyo ndiye mtu aliyewahi kuwa na kampuni yake ya filamu.

Msidhani yalikuwa ni mazoea ya watu wachache wenye roho mbaya. Kulikuwa na kanuni. Studio za Marekani zilijiwekea Kanuni za Utengenezaji wa filamu mwaka 1930, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali. Kanuni hizo zilipiga marufuku mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Filamu ya vituko bila mapenzi ilikuwa haiuziki. Kwa hiyo, maadamu steringi mmoja alikuwa mzungu, mwenzake wa mapenzi lazima naye awe mzungu, hata kama hadithi iko katikati ya Kongo. Kulikuwa pia na soko. Wenye kumbi za sinema wa majimbo ya kusini mwa Marekani hawakutaka kuonyesha mweusi anayesimama sawa na mzungu, na studio hazikutaka kupoteza tiketi zao.

Upande wetu nako serikali za kikoloni zilishika funguo zote mbili. Zilitoa ruhusa ya kupiga picha, na ziliamua Mwafrika atazame nini. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, liliendeshwa jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo, na kwa muda huo mfupi zilitoka filamu 35 kuhusu mambo kama chai, minyoo na akiba ya posta. Waliobuni jaribio lile waliamini kwamba Mwafrika hafai kuachiwa filamu za Hollywood, zingemchanganya. Ajabu ni kwamba wakati huo huo Hollywood ilikuwa imemjaza Mwafrika huyo huyo ndani ya filamu zake. Alifaa kutazamwa kabla ya kuonekana anafaa kutazama.

Vita, mto na wafalme

Mwaka 1951 John Huston alitoa The African Queen, iliyopigwa katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda, na Humphrey Bogart akapata Oscar yake pekee. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, sitadanganya. Hadithi yake inaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wanakijiji wanaimba kanisani, askari wa Mjerumani wanakuja, wanachoma nyumba, wanawaswaga watu. Ndani ya dakika chache kijiji kimekwisha. Tangu hapo vita ni ya mzungu mmoja na mwanamke mmoja wa kizungu ndani ya mashua, wakienda kuizamisha meli ya Kijerumani.

Meli iliyochochea hadithi hiyo ilikuwepo kweli. Iliitwa Graf von Götzen. Vipande vyake vilisafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ikaundwa na kuwekwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wanakimbia, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Wasafiri wengi wa Kigoma wameipanda. Na vita yenyewe ilipiganwa kwa migongo ya wapagazi. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibeba risasi na chakula cha majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, wengi kwa njaa, kuhara na malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Mtu aliyeijua vita hiyo kwa njia ya The African Queen peke yake hawezi hata kukisia kwamba wapagazi hao walikuwepo.

Mwaka mmoja kabla ya The African Queen, MGM ilikuwa imetoa King Solomon's Mines, wakiwemo Stewart Granger na Deborah Kerr. Ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda, ikapata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri. Hapa pana hatua mbele, na haki itendeke, niitaje. Orodha ya waigizaji ina majina ya Waafrika wanne: Kimursi wa Wakipsigis, na Siriaque, Sekaryongo na Baziga wa Watutsi. Siriaque ni Umbopa, mtu mrefu mwenye maneno machache anayejiunga na msafara wa wazungu bila kueleza safari yake. Tunakuja kugundua kuwa ni mrithi wa ufalme. Anafunua vazi lake, anaonyesha alama ya nyoka iliyo tumboni, na anapigana na Twala aliyemnyang'anya kiti. Umbopa anajua anakokwenda tangu mwanzo. Wazungu ndio wasiojua. Kwa mara moja, Mwafrika katika filamu ya safari ana safari yake.

Na wacheza ngoma! Wanaume wa Kitutsi, wameshika mikuki, nywele za mapambo zikiruka kwa kila mrusho wa kichwa, miguu ikigonga ardhi pamoja. Studio haikuweka muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi; ngoma na nyimbo za Kiafrika ndizo zilizobeba filamu. Nawashauri vijana wazitazame dakika hizo. Hakuna aliyewafundisha wale wachezaji kazi yao.

Lakini studio ilifanya tena ilichofanya kwa Trader Horn. Picha zilizobaki zikawekwa ghalani, na mwaka 1959 zikatolewa kutengenezea filamu nyingine ya bei nafuu, Watusi. Umbopa sasa alichezwa na Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Mwaka huo huo wa 1959, Julai, Mwami Mutara Rudahigwa wa Rwanda alifariki ghafla. Novemba machafuko yakaanza, nyumba zikachomwa, na maelfu ya Watutsi wakavuka mipaka kuingia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Wapo wasomaji wa makala haya ambao wazazi wao walifika Karagwe au Ngara kwa njia hiyo. Kwenye kumbi za sinema za Marekani, watu wa nchi hiyo walikuwa bado wanacheza ngoma ya miaka kumi nyuma, wakiwa raia wa ufalme wa kubuni wenye hazina ya almasi.

Momella

Sasa nije kwetu. Nimezaliwa upande wa mashariki wa Mlima Meru, na Momella ni jirani. Huko ndiko Howard Hawks alikokuja mwishoni mwa mwaka 1960 kupiga Hatari! pamoja na John Wayne. Hadithi ni ya kikundi kinachokamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Hawks alitaka waigizaji wafanye kazi yenyewe, na walifanya: Wayne amefungwa kwenye kiti pembeni mwa gari, ameshika mti wenye kitanzi, gari linamkimbiza faru mzima mzima. Filamu ilitoka mwaka 1962 na hadi leo inawaleta wageni Arusha.

Kikundi cha Hatari! kilisifiwa kwa mchanganyiko wake. Yumo Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa, Mwitalia, na Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Yumo hata mhusika wa jamii ya wenyeji wa Marekani, ingawa aliyemcheza ni mzungu, Bruce Cabot, steringi wa King Kong ya 1933. Mataifa yote hayo yamepata nafasi ya kupenda, kugombana, kuumia na kuchekesha. Mmeru hana nafasi hiyo. Mwarusha hana. Akina mama wa Kiarusha wanaonekana wakimtawaza mpiga picha wa kizungu kuwa Mama Tembo, wanampaka rangi, wanacheza, na filamu inaendelea na mambo yake.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya ardhi yenyewe. Novemba 1951, hapo jirani, Ngare Nanyuki, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ili kuwapisha wafugaji wa kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakukaa kimya. Walichangishana pesa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa mlima huu, akapanda ndege hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza walichofanyiwa watu wake. Wakili wao Earle Seaton, mweusi mzaliwa wa Bermuda, alikuwa pamoja nao katika shauri hilo. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini dunia ilisikia, na harakati za uhuru wa Tanganyika zikapata nguvu.

Linganisheni miaka. Mmeru anahutubia Umoja wa Mataifa, Marekani, mwaka 1952. Wamarekani wanakuja kwenye mlima wake mwaka 1960, wakati Mwalimu Nyerere ameshaunda serikali tangu Septemba, na hawapati hata Mmeru mmoja wa kumpa sentensi nzima. Hawakuwa na upungufu wa watu wa kusema. Walikuwa wamekwisha kuamua kwamba nchi hii ni wanyama na milima.

Mjomba wangu alifanya kibarua Momella siku za filamu ile. Kwanza alikata majani ya wanyama waliokuwa zizini, baadaye akawekwa na vijana wa kamba. Alituhadithia kazi ile kwa utaratibu wa fundi. Kamba ya kwanza ni ya mguu wa nyuma. Usiizungushe mkononi hata kidogo, mnyama akivuta anaondoka na vidole vyako. Kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako, kwa sababu faru haoni vizuri lakini ananusa na kusikia. Akilala chini, usimwamini mpaka kamba ya pili imekaza.

Kwa hiyo mimi ninapoitazama Hatari! simtazami John Wayne. Karibu na mwisho kuna faru anayekamatwa, anaponyoka, watu wanatawanyika, inabidi akamatwe upya. Hilo lilitokea kweli wakati wa kupiga picha, na Hawks akaliacha ndani ya filamu. Simamisheni picha hapo, kisha isogezeni polepole. Mtawaona vijana weusi wanaruka kutoka kwenye gari na kamba, mmoja anakwenda nyuma ya mnyama, mwingine anavuta upande wa pili. Hawaigizi. Sura zao zinaonekana sekunde moja, mbili. Mashujaa wa hadithi wanazungumza wakishapumua. Wale vijana wako kazini bado.

Iliwezekana

Huwa naambiwa: Mwalimu, zile zilikuwa enzi zao, usizihukumu kwa macho ya leo. Najibu kwa mfano. Mwongozaji Zoltan Korda alitengeneza Uingereza mwaka 1935 Sanders of the River, filamu ya kumsifu afisa wa kikoloni. Paul Robeson alicheza ndani yake, baadaye akaikana hadharani. Kati ya waigizaji wa ziada waliovaa kama machifu alikuwemo mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekuwa London, Jomo Kenyatta. Rais wa kwanza wa Kenya alisimama kwenye kundi la watu wasio na neno.

Mwaka 1943 Korda huyo huyo, sasa yuko Hollywood, aliongoza Sahara, filamu ya vita pamoja na Bogart. Ndani yake yumo Tambul, sajenti meja wa Kisudani, aliyechezwa na Rex Ingram. Wanajeshi wana kiu ya kufa. Wanapata kisima kilichokauka, na Tambul ndiye anayeshuka. Kamera inashuka naye. Maji yanadondoka tone kwa tone, naye anayakinga kwa viganja vyake, anayamimina chomboni, anakinga tena. Uhai wa weupe wote walio juu umo mikononi mwake, na filamu inatupa muda wa kuitazama mikono hiyo. Tambul ana jina, ana cheo, ana dini yake, anazungumzia ndoa yake. Kanuni zilikuwa zile zile, soko lilikuwa lile lile, na mwongozaji alikuwa yule yule.

Mwaka 1957, mwaka alionyongwa kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, MGM ilitoa Something of Value, iliyopigwa Kenya. Sidney Poitier ni Kimani, Mkikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi. Wakiwa mawindoni, Kimani anapigwa kofi na shemeji wa rafiki yake, na kofi hilo linamfungulia njia ya msituni. Filamu hiyo ina mapungufu mengi juu ya Mau Mau, na mwisho wake Kimani anakufa. Lakini tunajua anataka nini na kwa nini. Kutoka Rencharo aliyebeba bunduki ya bwana wake na kuridhika, hadi Kimani aliyekasirika, ni miaka 26. Kwa hiyo hoja ya "enzi zao" siikubali. Walioamua kumpa Mwafrika utu ndani ya filamu waliweza, katika enzi hizo hizo.

Hukumu yangu ni hii: filamu za safari za Hollywood zilijengwa kwa kazi ya Waafrika na zikakataa kuwataja. Ustadi wa kusoma nyayo, kuvuta kamba, kupiga kasia, kucheza ngoma na kubeba mizigo ulikuwa wa kweli. Hadithi zilizowekwa juu yake ndizo zilizokuwa za kubuni. Sitaki filamu hizo zifichwe. Nataka zitazamwe na watu wanaoweza kuwatambua waliomo.

Na hapa naomba msaada wa msomaji. Hollywood haitatuandikia majina hayo. Wenye kuyajua ni sisi. Kama una mzee Momella, Ngare Nanyuki, Bukoba, Samburu, Butiaba, Kisangani au Rwanda aliyewahi kufanya kibarua kwenye filamu, au aliyemjua aliyefanya, mwekee filamu hiyo kwenye simu, simamisha picha, umuulize yule ni nani. Andika jina kamili, kijiji, mwaka, kazi aliyofanya na malipo aliyopewa. Kama kuna picha ya zamani ukutani, ipige nakala. Nakala moja ibaki kwenye familia, nyingine ipelekwe shuleni, makumbusho au Nyaraka za Taifa. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Hatari! sasa ana zaidi ya themanini. Tafadhali, muulizeni mwaka huu.